Sekela Katika Nchi ya Ubao

Jioni ile Sekela Mwakalukwa alijitupa kitandani na viatu vyake na koti lake, akasema anafumba macho kidogo tu, halafu ataamka amalizie andalio la somo. Unaijua ile "kidogo tu" ya mtu aliyechoka. Na baridi ya Makete haina utani, ukishaingia chini ya blanketi hata uitwe kwenye pilau utasema niwekeeni. Lakini usingizi wa Sekela haukuwa wa baridi wala wa uchovu, ulikuwa wa kukimbia. Alikuwa anaikimbia siku nzima, kuanzia pale asubuhi mkuu wa shule, Mwalimu Kyando, alipomwita ofisini na kuongea naye kwa upole, na huo upole ndio uliomtisha. Mkuu alimwambia kwamba kama mwanachuo wa mazoezi ya kufundisha amekaribishwa sana, ajisikie nyumbani, ila vipindi vya Sanaa vinabana ratiba, na Mwalimu Mbilinyi wa Hisabati anavililia kila kukicha. Kwa hiyo kesho mkuu mwenyewe atakaa nyuma ya darasa la kidato cha pili amtazame. Akiona kuna somo, sawa. Akiona ni kuchorachora tu, vipindi anavifuta, na Sekela atamalizia mazoezi yake akisimamia usafi wa mazingira.

Basi wanafunzi walipotoka, Sekela akaingia darasani kujipima. Somo lenyewe lilikuwa sura ya mtu, mwanga na kivuli. Chuoni alikuwa hakamatiki: mpe penseli na karatasi, anakuchorea bibi yako mpaka unataka kumwamkia. Ila ubaoni hakuwahi, maana chuoni walikuwa wakifundishana wenyewe kwa wenyewe kwenye karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani. Mwalimu Mbilinyi, ambaye si mtu mbaya, anapenda tu kucheka, akajitolea kukaa kitini achorwe. Sekela akachora mistari ya nje vizuri, akaingia kwenye vivuli kama mkono ulivyozoea: chini ya nyusi, chini ya pua, chini ya kidevu, anasugua chaki kwa bidii zote. Aliporudi nyuma aone kazi yake, mtu wa ubaoni alikuwa na mashimo meupe ya macho, kidevu kinawaka, mashavu meusi tii. Akaongeza kivuli. Mtu akazidi kuwaka. Mbilinyi akaja kusimama mbele ya ubao, mikono ameikutanisha mbele kama yuko msibani, akatazama kwa muda mrefu.

"Madam," akasema, "niambie tu ukweli. Nimekufa lini?"

Mpaka jioni ofisi nzima ya walimu ilikuwa inamwita Marehemu, na Mbilinyi anaitika. Sekela alicheka nao, lakini hakujua amekosea wapi. Mkono ni uleule, macho ni yaleyale. Kosa usilolijua lilipo utalirekebishaje? Ndipo blanketi, ndipo kidogo tu.

Akajikuta amesimama kwenye nchi nyeusi. Si weusi wa usiku, maana alikuwa anaona vizuri, bali weusi wa ubao uliopakwa rangi juzi. Ardhi ubao, milima ubao, mbingu nazo ubao, na huko juu badala ya mawingu kulikuwa na mabaki ya hesabu zilizofutwa vibaya. Vumbi la chaki lilikuwa linanyesha taratibu bila sauti. Yeye mwenyewe alikuwa na chaki mkononi, mpya, haijavunjwa. Na mbali kabisa, kule ardhi inakokutana na mbingu, kulikuwa na kilima kinachotembea. Alipokazia macho akaona si kilima, ni dasta, dasta la kutosha kufuta wilaya, linakuja polepole likiburuza tumbo lake chini, na lilikopita hakukubaki hata weusi. Huko kulikuwa hakupo tena.

"Mtoto wa watu, umesimama peke yako hivi? Umekula?"

Aliyesema alikuwa mama mnene mwenye sura ya huruma, amejifunga vitenge juu ya vitenge, mkononi mwavuli ingawa mvua hakuna, begani mfuko unaonuka dawa ya kuchua. Akajitambulisha kuwa ni Shangazi Hofu, dada wa baba kabisa, na kwamba amemlea Sekela tangu chekechea, sema tu hawakuwahi kutambulishwa. Watu wengi wanadhani Hofu ana pembe. Hana. Hofu ni mtu wa kukuinamia akufunge kamba za viatu, kisha anazifunga za kiatu cha kulia na cha kushoto pamoja. Alimshika Sekela mkono, akamzungusha, na pale nyuma kulikuwa na watoto wamepanga mistari, sare safi, soksi zimevutwa juu, ila hawana nyuso. Palipostahili kuwa na uso palikuwa na weusi laini kama yai. Shangazi akamweleza kwa sauti ya chini kwamba hawa ni wa kwake, kidato cha pili. Inabidi awachore nyuso kabla kengele haijalia, kwa sababu kengele ikilia dasta linapita, na dasta halimbakizi asiye na uso.

Sekela akaanza. Hofu akasimama begani kwake akimshikia mwavuli, hakukaa kimya hata kidogo. Ongeza kivuli hapo, mama. Hapo pako wazi mno, watasema hujui. Chini ya macho je? Unaacha hivyo? Ongeza. Sekela akawa anaongeza, anasugua, vidole vinauma, na kila alipoongeza watoto walizidi kutisha. Walitokea wenye matundu meupe badala ya macho, wenye midomo inayowaka kama taa za gari gizani. Hawakulia wala hawakulalamika, na hiyo ndiyo iliyomvunja moyo zaidi. Alipoondoka walimfuata kimyakimya kwa mistari yao, wale waliokwisha kuharibiwa na wale wasio na uso bado, na nyuma yao dasta linanguruma.

Wakafika kwenye mji wenye kelele. Langoni alisimama Bwana Sifa, mwembamba, amevaa suti yenye medali kifua kizima, na ukisogea karibu unaona medali zote amejichorea mwenyewe kwa chaki. Nyuma yake wananchi walikuwa wanapiga makofi. Hakuna aliyekuwa akifanya lolote, wanapiga tu. Bwana Sifa akamwangalia Sekela, akawaangalia wale watoto, akasikitika kwa ulimi, kisha akatoa ndani ya koti picha iliyokwisha kuchorwa, sura nzuri ajabu, kila unywele mahali pake. Akamshauri aibandike ubaoni kesho aseme ameichora yeye. Kuchora mbele za watu ni kujitafutia aibu, mtu anaweza kuteleza. Mkuu wa shule ataona picha, atapiga makofi, mambo yamekwisha.

Sekela, tusidanganyane, alinyoosha mikono akaipokea. Hata Shangazi Hofu alimsukuma kidogo mgongoni.

"Na watoto watajifunza nini?" akauliza, kama mtu anayeuliza bei huku ameshaweka kitu kwenye mfuko.

"Kupiga makofi," Bwana Sifa akajibu.

Ndipo akaiangalia mikono ya wale wananchi. Ilikuwa imevimba, nyekundu, na kwa jinsi makofi yalivyofuatana hapakuwa na nafasi hata ya kushika kipande cha chaki. Mmoja alikuwa na njaa dhahiri, chakula kipo mbele yake, anakitazama tu huku anapiga makofi. Sekela akageuka, akamwona mtoto mmoja wa mstari wa mbele, asiye na uso bado, viganja vyake vinaanza kukutana taratibu. Pa. Pa. Hicho kilimtisha kuliko dasta. Akamshika yule mtoto mkono, akaitupa ile picha, akakimbia, na mistari yote ikakimbia nyuma yake, na Shangazi Hofu naye mbiombio na mwavuli wake, akiuliza tunaenda wapi, tunaenda wapi, angalia utaanguka.

Walisimama pumzi zilipokwisha, mahali pasipo na kitu isipokuwa jiwe, na juu ya jiwe mtu amekaa, macho ameyafinya nusu, kichwa amekiinamisha upande. Hakugeuka. Sekela alimsalimu. Akasalimu tena.

"Kaka, kwani umelala?"

"Ndotoni dada, nani hajalala?" akajibu yule mtu bila kufumbua zaidi. Aliitwa Kutazama. Shangazi Hofu akamwonya Sekela sikioni kwamba huyo ni mzembe maarufu, tangu dunia iumbwe hajamaliza kazi hata moja, na kweli hakuonekana kuwa na haraka, ingawa upepo wa dasta ulikuwa umeshaanza kupeperusha sare za watoto. Kutazama aliwaangalia wale watoto mmoja mmoja, wenye matundu na wasio na kitu, kisha akaanza kuuliza maswali kama mtu anayechambua mchele.

"Ulipokuwa unachora kwa penseli, penseli ilikuwa inaweka nini?"

"Kivuli."

"Kwenye karatasi ya rangi gani?"

"Nyeupe."

"Na nchi hii ina rangi gani?"

Sekela akaangalia chini, akaangalia juu. Akaiangalia ile chaki mkononi kama ndiyo kwanza anakutana nayo.

"Mkono wako haujakosea," Kutazama akaendelea, polepole. "Umefanya kama ulivyofundishwa, ila uko nchi nyingine. Kule ulikuta mwanga umetandikwa, kazi yako ikawa kuleta giza. Huku giza limekutangulia. Lipo machoni, lipo chini ya pua, limeshafanya kazi yake na halidai msaada. Wewe umebeba mwanga, unakwenda kuumwaga kwenye mashimo, halafu unashangaa kuona maiti. Finya macho. Tazama mwanga umemgusa wapi huyo mtoto. Mguse hapohapo. Kwingine kote mwache."

"Ukiacha weusi hivyo watasema hujamaliza," Shangazi Hofu akadakia, sauti imeanza kutetemeka.

"Shangazi yako hasemi uongo," Kutazama akasema. "Watasema. Na wewe utakuwa bado hujamaliza. Endelea."

Akamrudia wa kwanza. Akamfuta matundu kwa kiganja, akafinya macho. Mwanzoni hakuona kitu, halafu akaona: mfupa wa nyusi, kidogo. Akauweka. Mgongo wa pua, mstari mmoja. Shavu la upande mmoja, kwa ubapa wa chaki, na hapo kwenye mdomo wa chini nukta ndogo. Akaondoa mkono. Weusi uliobaki ukageuka macho yenyewe, na mtoto akapepesa, akajikuna pua. Akaenda kwa wa pili. Kila mmoja mwanga ulimgusa pengine, huyu paji, huyu meno maana alikuwa anacheka, huyu ncha ya kidevu tu kwa kuwa alikuwa na aibu na ameinamisha kichwa, na hapakuwa na namna ya kukariri. Kila uso ulidai kutazamwa upya kana kwamba hajawahi kuona mtu. Chaki ikawa inaisha. Dasta limefika karibu mpaka vumbi lake linamwingia puani. Hofu amemshika koti kwa nyuma, hamvuti wala hamwachii. Amebaki mmoja, yule aliyetaka kupiga makofi, naye anageukageuka, hatulii, na Sekela anafinya macho, anafinya, haoni, haoni, mahali fulani mtu ameinua chuma kugonga rimu ya gari, na ghafla yule mtoto akatulia akamtazama, na Sekela akaona. Akanyanyua chaki. Rimu ikalia.

Ilikuwa kengele ya asubuhi ya bwenini. Sekela alikaa kitandani na viatu vyake, jasho ndani ya baridi ile. Chumba kilikuwa bado na giza, mlango umeacha upenyo, na mwanga mwembamba ulikuwa umegusa ukingo wa beseni, mkono wa jagi, bega la koti la mvua lililotundikwa msumarini. Basi. Vingine vyote havikuonekana, na bado alijua kila kitu kilipo. Akatazama vile kwa muda, kisha akacheka peke yake, cheko la mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima huku ameivaa. Si kwamba hakujua kuchora. Alikuwa ameshughulika na giza, siku nzima, ubaoni na moyoni, analiongeza na kulinyoosha kana kwamba ameajiriwa nalo. Hofu haikuondoka kwa kugundua hivyo. Iliamka naye, ikanawa naye uso, ikatembea naye mpaka mlangoni pa kidato cha pili.

Mwalimu Kyando alikuwa ameshakaa nyuma, mikono ameikunja. Sekela akamwomba msichana anayeitwa Onorina asimame karibu na dirisha, akawageukia wenzake, akawauliza mwanga umemgusa wapi. Akasubiri. Mwisho sauti moja ikasema ni puani, madam, darasa likacheka, Onorina naye akacheka, shavu likapanda juu, mwingine akasema hapana, sasa umehamia shavuni. Wakaanza kubishana. Sekela akawa anaweka kila wanapomwambia, na wanapokosea wanapiga kelele wenyewe kwamba hapo hapana, futa, hapo ni giza tupu, na ubaoni msichana akawa anatokea kama mtu anayesogea kutoka kwenye chumba cha ndani.

Walikuwa hapo kengele ilipolia. Mwalimu Mbilinyi alishasimama mlangoni na rula lake kubwa la mbao na vitabu vyake, kipindi kinachofuata ni chake, akapiga hatua kuingia.

Kule nyuma mkuu wa shule aliinua mkono bila kuondoa macho ubaoni.

"Ngoja kwanza, Mwalimu," akasema. "Bado sikio."