Hita Bado Baridi

Pikapu ya Chediel iliingia Mkiwa ikifoka mvuke kama sufuria ya makande, ikazimikia mbele ya mgahawa wangu. Wateja wote wakageuza viti. Sisi wa njia panda hatulipi kiingilio.

Fundi wetu Calist alitoka chini ya lori mbio. "Usifungue huo mfuniko! Utaungua uso!" Chediel alikuwa ameshaukamata kwa kitambaa. "Acha ipoe, kaka," Calist akamwambia. "Ulibadilisha nini?"

"Mpira wa rejeta. Jana, kule Itigi. Maji nimejaza mwenyewe mpaka juu."

"Ukatoa hewa?"

Chediel akakuna kichwa.

"Basi imebaki ndani. Maji hayazunguki, injini inajichemkia yenyewe. Haijafa. Ikipoa tutaitoa hewa."

Nyuma ya pikapu kulikuwa na godoro, cherehani, masanduku na beseni la masufuria. Mkewe alishuka, akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Mnahamia wapi?"

"Nahama peke yangu. Ananirudisha kwa baba, Kinampanda."

Nikamvuta jikoni, mbali na wenye masikio marefu, ingawa Yasinta, msaidizi wangu, aliacha mlenda wake akasogea. Mgeni mwenyewe jina lake Dorika. Nilitegemea kusikia habari ya kipigo, au ya mwanamke wa pembeni. Wala. Binti yao Damari, wa darasa la kwanza, alikufa kwa homa kabla ya masika. Tangu walipotoka makaburini, Chediel hajalitaja jina la mtoto. Picha kaitoa ukutani, viatu kavigawa. Ukimwanzishia habari hiyo, anainuka kwenda kukagua gari.

"Nalia peke yangu, mama, kama nilimzaa peke yangu. Nimemwambia, mtaje mara moja tu, mbele yangu. Ukimtaja nashusha mizigo. Akaniuliza tuondoke saa ngapi."

Nikachukua kikombe cha chai nikampelekea Calist. Chai ilikuwa kisingizio.

"Wacheleweshe," nikamwambia.

"Mama Belinda, mimi ni fundi, siyo mchungaji."

"Jua likiinama hawaendi popote. Kwetu binti wa watu harudishwi kwao gizani kama mali ya wizi, na mumewe anajua. Watalala kwangu. Usiku mmoja tu, labda ulimi utafunguka."

Calist akanywa chai yote, akanirudishia kikombe.

Injini ilipopoa tuliisukuma gari hadi kwenye mwinuko, pua ikakaa juu ili hewa ipande. Calist akafungua mfuniko, akamimina maji kidogo kidogo, akamwambia Dorika akae kwenye usukani, awashe gari na afungulie hita hadi mwisho.

"Hita ikipuliza moto, ujue maji yamefika kote na hewa imekwisha. Wewe Chediel, minya mpira huu wa juu. Taratibu, kama unakamua ng'ombe."

Wakaanza.

"Kanyaga mafuta kidogo," Chediel akasema.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Achia."

Mapovu yakapanda, maji yakashuka, Calist akaongeza. Kanyaga, achia. Wakaenda pamoja vizuri mpaka Zefania, muuza asali, akaninong'oneza, "Hawa ndio wanaoachana? Mbona wanaelewana kuliko mimi na mke wangu?"

"Wewe na mkeo hata kuku wenu wamehamia kwa jirani. Nyamaza tuangalie."

Mapovu yakapungua. Halafu yakakatika kabisa. Nilimwona Calist akinitupia jicho.

"Bado," akasema kwa sauti. "Kuna hewa imejificha. Dada, hita vipi?"

"Bado baridi," Dorika akajibu.

Mimi nilikuwa nimeegemea dirisha lake. Upepo wa hita ulinipiga mkononi, moto kama wa jiko la mkaa. Dorika hakuniangalia. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, mguu wake uko palepale, kanyaga, achia.

Jua likaanza kuegemea upande wa Itigi. Kila Calist alipouliza, jibu lilikuwa lilelile. Mwishowe Chediel akauacha mpira, akazunguka hadi dirishani, akaingiza mkono ndani hadi penye matundu ya hita. Nikasema moyoni, yamekwisha, tumeumbuka.

Mkono ukakaa pale. Kisha akageuza kichwa kwa Calist.

"Bado baridi," akasema.

Jamani! Nilimfinya Yasinta mpaka akaguna.

Dorika akaweka mkono wake juu ya ule wa mumewe. "Chediel," akasema polepole, "mimi sina haraka. Mtaje tu."

Midomo ikafunguka. Wote tuliiona. Zefania alivua kofia bila kujua anavua. Macho ya yule mwanaume yakajaa machozi, na mimi hapo natamani kumtamkia hilo jina mwenyewe, nimwazime hata mdomo wangu unaosema kila kitu.

"Mafuta," akasema Chediel, "tutaweka Ikungi."

Dorika akaukodolea macho usukani. Kisha akatoa mkono wake, akazima hita.

"Fundi, funga mfuniko. Hita ina moto kitambo."

"Dada, ngoja kwanza niangalie..."

"Funga, kaka. Umefanya kazi nzuri."

"Laleni kwangu," nikaingilia. "Jua limekwenda. Vitanda vipo."

"Tukitoka sasa tunafika na mwanga, mama. Baba anangoja na wazee." Akasogea hadi kiti cha abiria, akajifunga mkanda.

Chediel alibaki amesimama nje, mkono wake wenye joto ameushikilia kwa ule mwingine. Halafu akaingia.

Wakashika barabara ya Ikungi. Tulitoka wote hadi ukingo wa lami, Calist na kitambaa chake, Yasinta na mwiko, hakuna aliyerudi kwenye chakula chake. Tulikaza macho kwenye boneti ile tukiomba moshi, hata kidogo, gari ichemke, isimame. Ilienda vizuri, haikutoa hata mvuke, mpaka basi la Dodoma likapita katikati na hatukuiona tena.