Tundu Tuliloziba Siku ya Salongo

Kanisa tunalosalia huku ughaibuni, pale Columbia Heights, si letu. Wenyewe ni Wazungu wachache, karibu wote wazee. Wao husali asubuhi, sisi Wakongo tunaingia mchana wakishatoka. Ni jumba la mawe: kuta nene, mlango mfupi, tao kubwa linalotenga madhabahu na watu, na benchi la mawe lililoshikana na kuta. Walioanza hapa walitoka kijiji kimoja cha Uingereza, wakajenga mfano wa kanisa la kwao, la miaka mia saba, wasije wakalisahau.

Kando ya tao kulikuwa na tundu. Lilikatwa mshazari ukutani, kichwa cha mtoto kingepita, likatokea chumba cha pembeni kisicho na joto. Wakati wa baridi upepo ulitoka pale kama umetumwa, ukatua kwenye shingo za wanakwaya. Basi Jumamosi moja ya Machi tukafanya salongo, ile kazi ya mikono ya watu wote tuliyoizoea Uvira. Wanawake tukasugua sakafu, mwanangu Munyaneza akaliziba tundu. Ilikuwa zawadi. Kesho yake, baada ya ibada ya asubuhi, baraza lao lingekaa kuamua kama tubaki mwaka mwingine au tutafute pengine, na kabla ya kupata kanisa hili tulikuwa tukisali gereji ya mtu Burnsville, magari yakinguruma nyuma ya ukuta. Tulitaka waone kwamba nyumba yao tunaitunza.

Uvira Munyaneza alikuwa mwashi. Hapa anapakia maboksi ghalani, na tangu tufike alikuwa hajashika mwiko. Ungemwona siku ile! Alipanga matofali, akapiga plasta huku anaimba.

"Tazameni," akasema. "Nani atajua palikuwa na shimo?"

"Ukuta umenyooka kuliko ndoa yako," akajibu Ndagijimana, aliyekuwa akimkorogea simenti, tukacheka mpaka ndoo ikapinduka.

Hapo Nkatha akaingia na chai. Nkatha ni Mkenya, nesi wa Maplewood, anasali na wenyeji asubuhi, na ndiye mkalimani wetu. Akaangalia ukuta, chupa ya chai ikabaki hewani.

"Mama, tundu liko wapi?"

"Tumeliziba, binti yangu. Upepo umekwisha."

"Ngai! Mama, hiyo si shimo ya kuharibika! Hapa hawana kitu wanapenda kama hiyo. Mawe ya pembeni yalitoka kwa lile kanisa la Uingereza lenyewe, wakayabeba na meli."

Akatueleza mbio mbio. Zamani kule Uingereza, ndivyo wenyeji wanavyosimulia, wagonjwa wasioruhusiwa kukaa na watu walisimama chumba cha pembeni, wakaitazama madhabahu kwa tundu. "Na siku hizi Bi Lindquist ndiye anakaa hapo, mwenyekiti wa baraza. Dawa zimemmaliza nguvu, daktari amemkataza kukaa na watu. Kesho ataweka jicho, atakuta simenti."

Kicheko kikafa. Mikono yangu haikujua pa kukaa. Nikakunja kitambaa, nikakikunjua, nikakikunja tena. Plasta ilikuwa inabadilika rangi pembeni. Nikaigusa: laini bado, lakini si kama mwanzo.

"Munyaneza, fungua."

"Nikigonga, hayo mawe yao yatapasuka. Tuombe msamaha kesho."

"Kesho itakuwa mwamba. Fungua sasa."

"Mama, wewe umeona wapi fundi anabomoa kazi yake mbele ya watu?"

Wenzake wakajifanya wanapanga ndoo. Nikaenda dirishani, nikarudi. Nikafanya kama nilivyofanya alipokuwa mdogo na kiburi chake. Sikuwa na fimbo nyingine.

"Kitendawili!"

"Mama, si wakati wa vitendawili."

"Kitendawili!"

Akashusha pumzi. "Tega."

"Mwanangu alibarikiwa, sherehe nikaila kwa jicho moja."

Hakujua. Nkatha naye hakujua.

"Basi nipe mji."

"Chukua Uvira."

"Uvira ndiko kwenyewe. Mwaka wa kipindupindu ulikuwa bado unanyonya. Walinitenga kibandani nyuma ya kanisa. Shangazi yako akakubeba madhabahuni, mimi nikakuona kwa ufa wa ubao. Mtu angeuziba ule ufa siku ile, Munyaneza, sijui ningeshika nini."

Munyaneza akaugeukia ukuta. Akavua saa yake, akaiweka nyundo mbali, akaanza kuchimba kwa vidole na kijiko cha chai cha Nkatha. Matofali yakatoka moja moja. Kila kijiko kilipokwaruza jiwe la zamani nilishtuka kama kimenikwaruza mimi. Nikakaa, nikasimama. Nikashika ndoo ya maji, nikaiweka, nikaishika tena. Tuliosha mawe kwa sponji mpaka giza likaanza kuingia. Tundu likafunguka, hakuna kilichopasuka, ila doa la kijivu lilikataa kutoka.

Asubuhi tulienda mapema. Bi Lindquist alikuwa ameshaketi kwenye benchi la mawe la chumba cha pembeni, mwembamba, kofia ya sufu, barakoa usoni. Nkatha akanipa barakoa, nikakaa mwisho kabisa wa benchi. Munyaneza alisimama mlangoni, mara mguu huu, mara ule.

Yule bibi akasogeza jicho tunduni, akasita. Akapitisha kidole kwenye jiwe, akakitazama: vumbi la kijivu. Akauliza neno. Kabla Nkatha hajafungua kinywa, Munyaneza alikuwa ameinua mkono.

"Ni mimi. Mwambie nililiziba, nikidhani limeharibika."

Nkatha akamwambia. Bi Lindquist hakutazama uso wake, alitazama vidole vilivyochubuka, na kucha zilizojaa simenti. Wimbo ukaanza ng'ambo ya ukuta. Akageuka, akaweka jicho tunduni, akakaa hivyo muda, mimi nikihesabu nyufa za sakafu bila kujua nimefika ngapi. Halafu akajisogeza, akanionyesha kwa kidole: njoo. Akasema kitu.

"Anasema mpokezane," Nkatha akanong'ona. "Leo ameanza yeye. Jumapili ijayo uanze wewe."

"Jumapili ijayo? Na baraza je?"

Akamuuliza. Barakoa ya yule bibi ikatikisika kwa kicheko.

"Anasema baraza ni yeye na wazee wawili wanaomwogopa."

Nikaweka jicho. Mishumaa yote ilikuwa pale, na madhabahu nzima. Lakini chumba kile kilikuwa baridi kweli. Nikafungua kitenge changu cha juu, nikamfunika bibi magoti, nikarudisha jicho tunduni. Zamu yangu ilikuwa haijaisha.