Mirija Kumi na Miwili

Kila Jumatatu mtunza shamba alitakiwa kuzungusha mirija minene kumi na miwili iliyozamishwa kwenye uwanja wa nyasi, ili nyuzi za kuvu zinazounganisha mizizi chini kwa chini zikatike, na nyasi zilizo ndani ya kila mrija zibaki peke yake. Mtafiti alikuja kupima zilivyonyauka. Akazikuta mbichi, zimestawi.

"Mzee, mwaka wangu mzima umekwenda na maji," alisema, hasira zikimpanda. "Ulikuwa unaizungusha kweli?"

"Niliizungusha, mwanangu, mpaka wiki niliyomzika mke wangu. Baada ya hapo mkono ulikataa kuzikata nyuzi zile."

Mtafiti alifunga daftari. Akachuchumaa, akaushika mrija wa kwanza auzungushe mwenyewe. Aliushika kwa muda mrefu, kisha akauachia bila kuuzungusha.