Bado Tumo Ndani

Asubuhi hiyo Rabab alikuwa akiondoa nguo za watu kwenye kamba. Aliziondoa kwenye kompyuta tu. Mbele yake kulikuwa na picha ya Kairo iliyopigwa kutoka angani, mto ukimeremeta, na mahali pa vichochoro vya Darb el-Naggarin mteja alitaka kuona bustani. Ustadh Medhat, mwenye kampuni ya matangazo, alisema nguo zilizoanikwa zinashusha bei ya minara ya makazi itakayojengwa pale. Rabab akazifuta. Akafuta madishi ya televisheni na vibanda vya njiwa, na mwisho akafuta paa la nyumba alimozaliwa, ambamo saa ile mama yake huenda alikuwa akichambua mboga.

Kazini hakuna aliyejua kwamba anakaa Darb el-Naggarin. Walidhani anakaa Shubra, naye akawaacha wadhani hivyo.

Ijumaa iliyopita tingatinga liliingia mtaani kabla muda waliopewa wakazi wa kuhama haujaisha. Liliangusha ukuta wa jiko la Umm Bishoy, jirani yao, mwenyewe akiwa ndani na mkate wake uko motoni. Rabab alipiga video kutoka dirishani. Aliondoa sauti ili watu wasitambulike, akaandika juu yake "Bado tumo ndani", akaituma kwa jina la uongo, kisha akaifuta kwenye simu. Siku chache baadaye Misri nzima ilikuwa imeiona. Tangu hapo kila mlango wa lifti ulipofunguka, aligeuka kutazama nani anaingia.

Siku hiyo mlango ulifunguka akaingia mtu aliyevaa koti la ngozi kwenye joto lile. Hakutaja jina, alisema tu anatoka usalama. Ustadh Medhat alimwagizia chai, kisha akawaita Rabab na Wagih, mchoraji mwenzake.

"Nyinyi ndio watu wa herufi?" mgeni aliuliza.

Aliweka simu mezani, akaicheza ile video. Ilipofika kwenye maandishi akaisimamisha, halafu akanyoosha kidevu kuelekea bango la minara lililotundikwa nyuma ya kiti cha Medhat. Alisema waiangalie herufi ya nuni kwenye bango na kwenye video. Nukta yake imezama tumboni mwa herufi. Hajaiona nuni ya namna hiyo mahali pengine popote.

Rabab aliitambua. Herufi zile, mtindo mzima wa maandishi, alizichora mwenyewe kwa miaka miwili, baada ya saa za kazi, akiwa na ndoto ya kuliuzia gazeti. Siku ya video hakufikiri. Aliandika kwa herufi zilizokuwa karibu na mkono, kama mtu anavyoongea kwa sauti yake.

"Bango nani kachora?"

"Wote wawili," Medhat alisema haraka.

Mgeni alidai simu zao. Alianza na ya Wagih, na alipoona jina akatabasamu kidogo. Wagih aliwahi kuwekwa ndani miezi kadhaa alipokuwa mwanafunzi, kwa sababu ya katuni. Sasa alikuwa na mtoto mchanga, na jasho lilikuwa likimchuruzika hadi kwenye kola.

"Kumbe ni wewe tena, Wagih."

Wagih aliapa kwa uhai wa mwanawe kwamba haijui video ile. Kisha akamtazama Rabab mara moja tu, akainamisha macho. Alikuwa amemwona akizichora herufi hizo, jioni baada ya jioni, na hakumtaja.

Rabab alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka. "Hizo herufi ziko mtandaoni, bwana. Mtu yeyote anazipakua bure."

"Nionyeshe."

"Zipo kwenye kompyuta yangu. Nikazitafute."

"Nenda. Mimi namalizia chai."

Hazikuwa mtandaoni. Zilikuwa kwenye mashine yake tu, ile aliyokuwa akirudi nayo nyumbani. Alikaa, akafungua ukurasa ambako wachoraji hugawana herufi, akaanza kupakia. Vidole vilikosea nywila, vikakosea tena. Kwenye nafasi ya bei akaandika bure. Kupitia kioo cha ofisi alimwona mgeni akiinua kikombe. Herufi zilipopanda, ukurasa ukajiandikia wenyewe tarehe chini yake, tarehe ya leo, na hapakuwa na namna ya kuibadili.

Akaipeleka kompyuta hivyo hivyo. Mgeni alisoma polepole mpaka chini.

"Leo," alisema.

Medhat alivua miwani. Mgeni akamrudishia Wagih simu yake, akatia mfukoni ya Rabab pamoja na kitambulisho chake, akamwambia afike ofisini kwao Jumapili.

Nyumbani Rabab alimdanganya mama kwamba simu iko kwa fundi. Hakula. Kila pikipiki iliyopita kichochoroni alihisi imekuja kumfuata yeye.

Jumapili walimkalisha ukumbini mpaka alasiri, kwenye benchi moja na watu ambao hawakuangaliana. Alipoitwa, mtu wa koti la ngozi alimgeuzia kompyuta. Alimwonyesha video moja baada ya nyingine. Nyumba za Aleksandria, soko la Suez, mashamba yaliyokatwa na barabara mpya. Maneno yalitofautiana, herufi zilikuwa zile zile, nyingine zimepangwa ovyo na mtu asiyejua kazi.

"Hizi zote umetengeneza wewe?"

"Hapana."

"Lakini herufi ni zako."

"Ni zangu. Nilizichora mimi."

"Basi zirudishe."

Alijaribu kueleza kwamba waliokwisha kuzichukua wamezichukua, hazirudi. Yule bwana alimtazama kama karani anavyomtazama mtu anayemcheleweshea foleni. Akamwambia azifute. Rabab alizifuta pale pale, kwenye kompyuta ya ofisi, na ukurasa ulipobaki mweupe bwana akaridhika. Akamjulisha kwamba kampuni haimhitaji tena, akamrudishia kitambulisho na simu.

"Tunajua unakokaa," alisema. "Siyo Shubra."

Alishuka ngazi zote bila kugeuka nyuma. Alipowasha simu karibu na lango, ikaita hapo hapo. Alikuwa mama.

"Uko wapi wewe? Wamerudi. Matingatinga mawili, na askari."

"Umm Bishoy yuko wapi?"

"Amekaa mlangoni, hataki kuondoka."

"Na wengine?"

"Wametoa simu, wanapiga picha. Hata muuza gesi."

"Na wewe, mama?"

Alisikia pumzi za mama yake, na nyuma yake mngurumo.

"Mimi naogopa, mwanangu."

"Hata mimi naogopa."

Askari wa lango alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, ameacha kutafuna mbegu zake, anasikiliza. Rabab alitaka kusema watazungumza baadaye. Ulimi ulikuwa tayari kusema hivyo.

"Mama, nikikata, nyanyua simu yako uwaelekezee. Usiseme kitu. Bonyeza tu pale penye alama ya kamera."

"Wapi? Mimi sijui hayo mambo."

Askari alipiga hatua kumsogelea. Rabab akaibana simu sikioni, na kwa sauti ya kawaida, taratibu, akaanza kumwelekeza.