Mikono ya Sumari

Asubuhi moja ya kipupwe, ukungu ukiwa bado umeng'ang'ania migomba, Ndeshi alishuka mferejini kuosha vibuyu vya maziwa. Maji ya mfereji ule hutoka juu kabisa mlimani Meru, na hayajawahi kumwonea mtu huruma. Aliosha kibuyu cha kwanza, akashika cha pili, mikono ikaanza kuwasha. Mabaka mekundu yalijitokeza, yakaungana, vidole vikajaa. Mikono ilipomaliza kuvimba ilikuwa ya mumewe.

Aliitambua mara moja. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na kovu ambalo Sumari alilipata akichonga mzinga wa nyuki, na kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda tangu utotoni. Ndeshi akaendelea kuosha vibuyu. Mikono ilikuwa mizito kidogo lakini yenye nguvu, na kazi ilikwenda haraka kuliko siku nyingine.

Sumari alikuwa amechukuliwa wakati wa mvua za masika. Jumbe alikuja na askari wawili wa Mjerumani, akachagua wanaume wenye vifua vipana kwa ajili ya kazi ya reli iliyokuwa ikielekea Moshi. Aliwaambia wake zao kwamba kazi ni fupi. Ndeshi alikuwa mjamzito, na Mikaeli akazaliwa bila baba yake kumwona.

Nyumbani, mama yake Sumari alikuwa ameketi karibu na ng'ombe, mahali penye joto. Aliitazama mikono ya mkwewe, akaishika, akaigeuza.

"Amekonda," alisema. "Na kucha hizi, hakuna anayemkumbusha."

Alichukua kisu kidogo, akazikata. Kisha akamweka Mikaeli juu ya viganja vile, na mtoto akalala palepale, maana vilimtosha. Ndeshi alipousogelea moto uvimbe ulipungua, akabaki na mikono yake mwenyewe, ambayo kucha zake zilikuwa bado ndefu.

Tangu siku hiyo alishuka mferejini kila asubuhi. Kuwashwa kulikuwa kwingi, mpaka machozi yanamtoka, lakini hakuna dawa ambayo angeikubali kama ingemnyima kile alichokipata. Alimkosa mumewe kila saa ya siku, na hapa palikuwa na mikono yake. Usiku ule wa kabla ya kuondoka Sumari alikuwa amemshika mgongoni, na sasa Ndeshi aliweza kujishika mwenyewe vilevile. Mama mkwe naye alianza kuzichukia asubuhi za jua.

Habari za Sumari zilifika kwa njia hiyo. Kwanza yalikuja malengelenge, kisha sugu. Siku moja vifundo vya mikono vilikuja na alama za kamba, mbichi.

Mama mkwe alijaza kibuyu maji ya mfereji, akakifunga kwa majani ya mgomba yasipate joto, wakatembea hadi bomani. Barazani kwa Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa boma, mama mkwe alimwagia maji mikono ya Ndeshi, ikavimba mbele ya karani na askari wote. Bwana Shauri aliishika, akaibonyeza viganjani, akachunguza viungo vya vidole. Halafu akamwambia karani, na karani akawageuzia kwa Kiswahili.

"Bwana anasema mikono hii bado mizima. Mwenye mikono kama hii hajamaliza kazi."

"Na kamba?" mama mkwe aliuliza.

Karani aliuliza, akajibiwa.

"Anasema kamba imefungwa sawasawa."

Wakarudi nyumbani.

Mambo yangeendelea hivyo kama Ndeshi asingekunywa maji ya baridi kwa pupa siku moja akitoka kuchimba magimbi. Koo lilivimba. Alikohoa kikohozi cha mwanamume, kizito, chenye vumbi, na mama mkwe alikifurahia kwa muda mfupi kabla hajaona kwamba mkwewe hapumui vizuri. Alimnywesha uji wa moto kijiko kwa kijiko mpaka koo likafunguka. Kesho yake akaita wataalamu.

Wa kwanza alikuwa Sakaya, mganga wa Kiarusha kutoka Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa mlima, ambako upepo huwafundisha watu magonjwa ya baridi wapende wasipende. Alimpaka Ndeshi mafuta ya kondoo kuanzia shingoni hadi vidoleni, akamkataza kula na kunywa vitu vya baridi, akamwambia ajifunike kabla ya kutoka nje.

Wa pili alikuwa daktari mmoja Mjerumani aliyetibu watu katika misheni ya mlimani. Alijaza maji ya mfereji katika kikombe cha bati, akakiweka juu ya mkono wa Ndeshi, chini kidogo ya kiwiko, akasubiri. Alipokiondoa, mahali pale palikuwa pamevimba duara la ukubwa wa kikombe. Ndani ya duara mlikuwa na ngozi ya Sumari, na vinyweleo vyake. Daktari aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Alisema ugonjwa huo anaujua, ngozi inaikataa baridi, na wako watu Ulaya wanaouugua vilevile. Akampa glavu za sufu. Yeye na Sakaya walikubaliana katika kila jambo isipokuwa chanzo.

"Jambo moja kubwa," daktari alisema, na Sadoki, mwalimu wa misheni, akatafsiri. "Usiingie mtoni mwili mzima. Moyo unaweza kusimama."

Ndeshi alifikiri.

"Nikiingia mwili mzima, nitakuwa yeye mzima?"

Sadoki alitafsiri bila kusitasita. Daktari naye alifikiri. Alijibu kwamba hawezi kuliahidi hilo, lakini mtoto atabaki bila wa kumnyonyesha.

Kwa hiyo Ndeshi hakuingia mtoni. Usiku alilia kwa sababu ya uso ule ambao angeweza kuuona majini na hatauona. Asubuhi aliruhusiwa kuchovya mikono tu, kwa muda wa sala fupi ya chakula, kisha aende motoni. Daktari alisema baridi ya kidogo kidogo huizoesha ngozi, na kwamba siku moja itaacha kabisa kuvimba. Alilisema kama habari njema.

Vuli ilipokaribia, mikono ilianza kuja na homa. Ilivimba ikiwa ya moto kiasi kwamba maji ya mfereji yalitoa mvuke, na ilitetemeka. Mama mkwe aliifunga vitambaa vilivyoloweshwa dawa ya Sakaya. Aliikandakanda, akaiimbia, akaikemea kama alivyomkemea mwanawe alipokuwa mdogo na hataki kunywa dawa.

Asubuhi iliyofuata Ndeshi alitia mikono majini, akasubiri. Alisubiri zaidi ya sala fupi, zaidi ya sala ndefu. Mikono ilikufa ganzi, ikakunjamana, ikabaki yake.

Walikwenda kwa daktari. Kikombe kiliwekwa, kikaondolewa, na ngozi ilikuwa laini. Akakiweka tena mahali pengine. Laini. Daktari alimpa Ndeshi mkono kwa furaha ya kweli, maana alikuwa mtu mwema na alikuwa amefanya kila kitu inavyotakiwa.

"Umepona," alisema Sadoki, akitazama sakafu.

Ndeshi alishukuru, kwa kuwa alilelewa vizuri. Njiani alikaa chini katikati ya barabara na hakutaka kuinuka. Mama mkwe alikaa naye. Jioni hiyo wote wawili walinyoa nywele, ingawa hakuna mtu kutoka bomani aliyeleta habari yoyote, wala hakuja baadaye.

Aliyekuja ni jumbe, na askari walewale. Alisema huko relini kumepatikana nafasi. Alimchukua Dismasi, mume wa jirani yao Tabea, akamwambia Tabea kwamba kazi ni fupi.

Tabea alikuja kwa Ndeshi kabla ya juma kuisha.

"Mama Mikaeli," alisema, "ulianzaje?"

Ndeshi hakumwuliza anauliza nini. Alimpeleka mferejini, akamwonyesha mahali maji yanapotoka kivulini. Tabea alichovya mikono. Kwanza ilimwasha, akauma midomo. Kisha ikavimba, ikawa mipana, yenye udongo mwekundu ndani ya kucha. Tabea aliitazama akacheka, halafu akalia.

"Naomba niushike mmoja," Ndeshi alisema. "Kidogo tu. Ulizoea kusalimiana na wa Sumari."

Tabea akampa wa kulia, akabaki na wa kushoto. Walikaa ukingoni, kila mmoja na wake, mpaka jua likapanda juu ya migomba na mikono ikarudi kuwa ya Tabea.