Habari za Goti Langu

Gari la mikate lilinigonga likirudi nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama, lenyewe ndilo lililokuwa linatembea. Hilo hakuna aliyelibishia, hata dereva. Alishuka akapiga magoti pembeni yangu analia, akaniomba msamaha, nami nikamsamehe palepale, bado nimelala chali barabarani. Nikamwambia ainuke, suruali yake inachafuka.

Goti la kulia lilivunjika. Hospitali walilifunga plasta, na walipoifungua likawa halikunjiki. Daktari wa mifupa akasema linahitaji upasuaji. Akataja bei, kisha akatazama dirishani ili nipate nafasi ya kushtuka. Nikamshukuru.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga, na mguu wangu wa kukanyagia ni huohuo. Marehemu mume wangu aliniachia cherehani hiyo na dada yake. Huyo wifi yangu mtaani wanamwita Spika. Aliposikia nimerudi na mguu ulionyooka kama rula, alihamia kwangu, akavuta kigoda ubavuni mwa cherehani, akawa anakanyaga yeye, mimi naongoza kitambaa. Anakanyaga kama anafukuzwa. Kola za wiki ya kwanza tulizifumua zote.

"Polepole, wifi."

"Wewe shona. Ukitaka polepole, kanyaga mwenyewe."

Mtu wa bima ya lile gari alikuja siku ambayo wifi amekwenda sokoni. Mtu wa heshima zake, tai imenyooka, mkononi mfuko wa machungwa. Alivua viatu mlangoni. Akaweka simu mezani, akaomba ruhusa arekodi asije akasahau. Nikaona huyu ni mtu makini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Hujambo lakini?"

"Sijambo."

"Mguu unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri, namshukuru Mungu."

"Na kazi?"

"Kazi inakwenda, baba. Hatujambo."

Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni hata hajakaa sawa umtwishe magonjwa yako? Isitoshe, kule wodini nililala jirani na mtu aliyekatwa mguu wenyewe. Mimi ningeanzia wapi kulalamika mbele za Mungu? Mgeni akaaga, akaniachia machungwa. Yalikuwa matamu.

Wifi aliporudi alisikiliza habari hizo amesimama, kikapu mkononi.

"Umemwambia mguu mzima?"

"Nimemwambia namshukuru Mungu."

"Mungu goti lako analijua, wifi. Bima hailijui. Kesho tunatafuta wakili."

Nje ya geti la hospitali kuna watu wanaogawa kadi za mawakili. Mmoja alituahidi nyumba ya ghorofa kabla hajauliza nimeumia wapi. Wifi akamwambia aanze kujijengea yeye, maana soli ya kiatu chake inacheka. Tukamchukua mwanamke mmoja mwenye ofisi juu ya duka la magodoro, kwa kuwa aliuliza maswali mengi na hakuahidi kitu. Akatueleza: hachukui malipo mbele. Fidia ikipatikana ana fungu lake, na fungu hilo tutaliandikiana leo, si siku ya kugawana. Nisisaini karatasi ya mtu yeyote kabla hajaisoma yeye. Risiti zote nitunze, hata za dawa za maumivu.

Nikamwambia kuna jambo linanikera moyoni. Dereva nimeshamsamehe. Nikidai, si nitakuwa nimeutwaa tena msamaha wangu?

"Msamaha wako uko palepale, mama. Yeye hatumtoi hata senti. Tajiri yake amelipia bima miaka yote kwa ajili ya siku kama ile."

Nikaomba kuliombea jambo hilo kwanza. Nililiombea, nikaona halina ubaya, tukarudi. Ndipo akauliza kama nimewahi kuongea na mtu wa bima. Wifi alijibu kabla yangu, na alijibu kirefu. Wakili akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Mahakamani utaulizwa, mama. Sema ukweli tu. Hebu tujaribu. Mguu unaendeleaje?"

"Vizuri, namshukuru Mungu."

Wifi akalaza kichwa mezani.

Tukajaribu tena. Tulipojaribu kwa mara nyingine nikasema, "Si vibaya sana." Wakili akasema tumepiga hatua.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, kina feni moja na mabenchi yaliyokwaruzwa majina. Wakili wa bima alianza na ile rekodi. Nikajisikia nikisema sijambo, sauti imetulia kuliko nilivyodhani.

"Ni wewe huyo?"

"Ni mimi."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana. Aliniletea machungwa."

"Bado unashona?"

"Nashona."

"Kwa cherehani ya kukanyaga?"

"Ndiyo."

Akainama kidogo kwa hakimu, akakaa ametosheka. Wakili wangu akasimama.

"Anayekanyaga ni nani, mama?"

"Wifi yangu."

"Ni mimi, mheshimiwa," wifi akasema kutoka nyuma, "na kiuno hiki mnachokiona..."

Akaambiwa akae. Akakaa, akaendelea kusema akiwa amekaa.

Hakimu akaweka kalamu chini. Alikuwa mtu mzima, hana haraka.

"Mama, mguu wako unaendeleaje?"

Mdomo ulikuwa umeshaanza kusema vizuri. Nikaufunga. Nilikuwa nimeapa kwa jina la Mungu yuleyule ninayemshukuru, na goti lilikuwa linaniuma pale pale kizimbani.

"Mbaya, mheshimiwa. Haukunjiki. Tangu ile ajali sijapiga magoti. Nasali nimekaa kitini, kama mtu aliyekuja kumtembelea Mungu."

Nikangoja nione kama atachukizwa. Feni iliendelea kuzunguka.

"Sasa huyu bwana alipokuuliza, mbona hukumwambia hivyo?"

"Hakuniuliza, mheshimiwa. Alinisalimia."

Hakimu akamgeukia mtu wa bima, aliyekuwa benchi la mbele na tai yake.

"Ulimsalimia?"

Yule bwana alifikiri kidogo. "Nilimsalimia, mheshimiwa."

Hakimu akaandika.

Wakili wa bima akaomba atoke na wakili wangu wakaongee kidogo. Waliporudi walikuwa wamepatana: upasuaji watalipa wao, pamoja na kazi niliyoikosa. Wakili wangu akaninong'oneza kwamba uamuzi ni wangu, na kwamba tukivuta mwaka mwingine huenda wakaongeza. Nikamwita wifi tushauriane.

"Saini," wifi akasema. "Mwaka mwingine kwenye kile kigoda, fidia mtakayodai itakuwa ya mazishi yangu."

Wakili akaisoma karatasi mwanzo hadi mwisho, kisha akanionyesha mahali pa kusaini. Wifi akanishikia mkongojo mpaka nikamaliza.