Ziwa Ndani ya Bafle

Casimir alimchukia fundi mwenzake Emile tangu siku boti ya Kigoma iliposhusha zile bafle mbili nyeusi, spika za kimo cha debe tu, na Emile akazipeleka parokiani moja kwa moja ili kila mtu azione. Lo! Mtu mzima kuonea wivu visanduku! Lakini tuseme kweli, Casimir alishikwa na wivu mpaka ugali ukamshinda kumeza.

Miaka saba, korali ilipotaka kujisikia, ilikwenda kwake. Bafle zake alizitengeneza kwa mikono yake, za mbao nzito, zinamfika mtu kiunoni. Hapa Kalemie walimwita Papa Sauti. Na sifa kubwa ya kaseti alizorekodi ilikuwa ziwa. Korali iliimbia kanisani, kule kilimani, Tanganyika iko mbali chini, lakini ukipiga kaseti kwa Casimir unayasikia maji nyuma ya nyimbo, shiii, shiii. Wageni wa Kongolo walishika vichwa. Casimir hakuwahi kusema ndiyo, ni maji. Wala hakuwahi kusema siyo.

Sasa Papa Basile, mkuu wa korali, akatangaza: Jumamosi bafle zote zitapimwa kwa kaseti moja, na mwenye kushinda ndiye atakayetengeneza kaseti ya jubilei ya parokia. Mke wa Casimir, Dorothée, aliyeimba sauti ya pili, alileta habari hiyo nyumbani huku akivua viatu.

"Wanasema za Emile ni nzuri kabisa, eh?"

Ile "eh" ilimkaa Casimir rohoni siku tatu.

Jumamosi wakakutana katika karakana yake. Mbele ya bafle kulikuwa na kiti kimoja, chake cha siku zote. Ukutani, pembeni, benchi ya Dorothée na wenzake. Casimir alijua jambo ambalo wao hawakulijua: bafle zake zilitupa sauti mbele tu, na wa pembeni anaambulia muungurumo. Kwa hiyo leo, kwa ukarimu ambao hakuna aliyeuzoea, alimkalisha Papa Basile kitini.

Akaanza na zake. Ngoma zikalia, vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Besi njo hiyo!" alisema Casimir.

"Na ziwa letu njo lile," Papa Basile akatabasamu.

Emile akasema polepole, "Lakini Papa, ngoma ziko tatu. Mbona zote zinasema bumu moja?"

"Wivu njo unamusumbua huyu muntu!" Casimir akacheka. Yeye, kusema hivyo! Haya.

Ilipofika zamu ya Emile, aliyekuja na mashine yake mwenyewe ya kaseti, Casimir akamwonea Papa Basile huruma ya ghafla. "Jua linakupiga, Papa. Pita huku kwenye benchi." Alingoja sauti ife. Haikufa. Ngoma tatu zikasikika kila moja na lake, na waimbaji wakajaa chumba kizima mpaka pembeni. Lakini Papa Basile alikunja uso.

"Ziwa limekwenda wapi?"

"Bafle zake zimekata ziwa!" Casimir aliruka. "Nyote muko mashahidi!"

"Jubilei bila ziwa, hapana," alisema Papa Basile, na Casimir akaona ameshashinda.

Emile hakubisha. Alirudi kwenye mashine na bafle za Casimir, akaiwasha kaseti, kisha akaitoa na kumpa Papa Basile mkononi. Shiii, shiii. Ziwa liliendelea tu.

"Iko ndani ya mashine, Papa. Ni kelele ya mashine."

Wee, walicheka! Papa Basile alicheka mpaka akafuta machozi. Casimir, aibu imemjaa, akamtafuta mke wake kwa macho. Dorothée hakuwa anacheka.

"Papa Emile, rudisha ile kaseti kwako." Akasikiliza. "Ile sauti inayopanda peke yake, ni ya nani?"

"Si yako, Mama Dorothée?" Papa Basile alishangaa.

"Yangu?" Akamgeukia mume wake. "Miaka saba ninakaa hapa pembeni, ninasikia bumu. Nilifikiri sauti yangu haishikagi kwenye kaseti. Wewe pale kitini, ulikuwa unanisikia?"

Casimir aliipenda sauti ile. Aliipenda mno, akataka iishie kwenye kiti chake.

"Nilikuwa ninakusikia."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Emile, kwa adabu, akakisukuma kile kiti cha katikati upande wa Dorothée.

"Acha tu, Papa Emile," Dorothée akasema. "Zako ninazisikia hata hapa."